Punguzo Ulilopewa Yadi Ni Waranti Uliyouza

Wacha niseme kitu ambacho mabroka wa Ngong Road hawatakipenda. Ile laki moja na nusu uliyopunguziwa ukinunua Mercedes ya mkono wa pili, ukaiposti ukijigamba kwamba umewakaba bei mpaka wakalia, haukupewa bure. Kuna kitu uliuza. Uliuza nafasi yako ya kurudi pale kulalamika, na uliiuza bila kuuliza ilikuwa na thamani ya pesa ngapi.

Mimi si wakili. Mimi ni yule msee anayesoma kesi za zamani usiku wakati wengine wanalala. Lakini hii mambo ya bei na waranti ina historia ndefu kuliko magari yenyewe, na ukiijua utaongea tofauti kabisa ukifika yadi. Inaanza na jiwe.

Mwaka wa 1603, London. Mfua dhahabu mmoja anaitwa Chandelor alimuuzia mtu anaitwa Lopus jiwe kwa pauni 100, pesa ndefu sana enzi hizo. Alimwambia ni bezoa. Bezoa ni jiwe linalojiunda ndani ya tumbo la wanyama kama mbuzi, na matajiri wa Ulaya waliamini linaponya sumu. Kifahari cha kipindi hicho, yaani. Jiwe likatokea kuwa si bezoa. Lopus akaenda kortini, na mwishowe akapoteza. Sababu? Muuzaji alisema tu kwamba ni bezoa. Hakutamka kwamba anatoa dhamana ni bezoa. Kusema ni kusema, kuahidi ni kitu kingine, na mnunuzi ajichunge mwenyewe.

Soma hiyo tena halafu ukumbuke vile broka anakuambia, "Hii ni gari safi, boss, ilikuwa ya mzee mmoja Japan alikuwa anaendea kanisa tu." Miaka zaidi ya 400 imepita na bado tunauziwa bezoa.

Baadaye Waingereza wenyewe waliona hiyo sheria ni kali mno. Korti zikaanza kulegeza pole pole, na mwaka wa 1893 Bunge lao likapitisha sheria ya uuzaji wa bidhaa. Ilisema hivi kwa ufupi: kama kazi yako ni kuuza kitu fulani, unahesabiwa umeahidi kwamba kina ubora wa kuuzika, hata kama hukufungua mdomo. Mwaka wa 1931 serikali ya kikoloni ikaleta karibu maneno yale yale hapa Kenya. Mpaka leo iko, Sura ya 31 ya sheria zetu. Kwa hivyo ukiona majaji wetu wanasoma kesi za Uingereza kuhusu magari mabovu, si ushamba. Ni sheria ya familia moja.

Na sasa tufike kwa magari, kwa sababu hapa ndipo utamu uko.

Mtu anaitwa Bartlett alienda kwa wauzaji wa magari, Sidney Marcus, kuangalia Jaguar ya mkono wa pili. Muuzaji alikuwa muungwana, lazima tuseme ukweli. Alimwambia klachi ina shida kidogo, matengenezo madogo tu. Akampa njia mbili: tuitengeneze sisi ndio uichukue kwa bei ya juu, ama uichukue hivyo ilivyo kwa pauni 25 chini, utatengeneza mwenyewe. Bartlett akapiga hesabu. Pauni 25 mfukoni ni pauni 25. Akachukua punguzo, akaendesha wiki chache, kisha akapeleka gari kwa fundi. Fundi akafungua. Kumbe ile "shida kidogo" inataka zaidi ya pauni 80.

Akashtaki. Korti ya kwanza ikamwonea huruma ikampa fidia. Kesi ikapanda Korti ya Rufaa mwaka wa 1965, mbele ya Lord Denning, jaji ambaye kila mwanafunzi wa sheria hapa Kenya anamjua. Ile fidia ikafutwa. Denning alisema, kwa maana yake, kwamba gari ya mkono wa pili ikiweza kwenda barabarani kwa usalama, inatosha. Si mpya, na anayeinunua anafaa kutarajia kwamba kasoro zitatokea siku moja. Tena huyu aliambiwa kuhusu klachi, na bei ikashushwa kwa sababu ya hiyo klachi. Hatari ilikuwa yake tangu siku hiyo.

Mimi hiyo kesi huniuma, kwa sababu Bartlett alifanya kile sisi wote tunafanya. Alidhani anajadili bei. Kumbe alikuwa anajadili nani atabeba mzigo klachi ikifunguliwa, na akaukubali mzigo wote kwa pauni 25. Angesema "tengenezeni nyinyi, nitalipa hiyo ya juu," fundi wa yadi ndiye angekutana na ile surprise, si yeye.

Lakini kabla ukate tamaa, kuna Jaguar ya pili. Hii ni kesi ya Crowther, iliyochapishwa 1975. Gari ya 1964, imetembea maili 82,000, bei pauni 390. Muuzaji aliisifu injini kana kwamba ndiyo kwanza inaanza kuzoea kazi. Maili 82,000! Wiki tatu baadaye, baada ya maili 2,300 na kitu, injini ikakwama kabisa. Crowther alifanya kitu cha akili, ama wakili wake: walimtafuta mwenye gari wa zamani aje kutoa ushahidi. Huyo akasema injini ilikuwa imechoka tangu siku aliyoiuza. Denning yule yule, safari hii akampa ushindi mnunuzi. Ikiwa gari ilikuwa imeoza siku ya kuuzwa na hakuna mtu alikuambia, hata wiki tatu baadaye unaweza kurudi.

Weka hizo Jaguar mbili kando kwa kando. Wa kwanza aliambiwa kasoro akapewa punguzo, akapoteza. Wa pili alisifiwa gari, hakuambiwa chochote, akashinda. Yadi zenye akili zimeelewa somo hili kuliko wanunuzi. Ndiyo maana siku hizi broka anakutajia kasoro ndogo mbili tatu mapema, anakushushia kitu, halafu mnaandika kwa makubaliano kwamba umekagua gari na umeridhika. Si roho safi hiyo. Anakununua.

Na ile sheria ya 1931 ina kipengele watu hawakijui: ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi wako ungepaswa kuiona huwezi kuilalamikia baadaye. Hii haimaanishi usiende na fundi. Enda na fundi! Lakini fundi anayezunguka gari mara moja, anapiga tairi teke na kusema "iko sawa," anaweza kukuharibia kesi kuliko kukusaidia.

Kwa wapenzi wa Benz, pole, yenu pia iko. 1988, Uingereza: Mercedes ya mkono wa pili ya pauni 14,850, imetembea maili 37,000. Baada ya maili 800 tu, valvu zimeisha. Kutengeneza, pauni 635. Korti ikasema gari ilikuwa na ubora wa kuuzika. Jina kubwa mbele ya gari halikumsaidia mnunuzi, gari ya mkono wa pili ni ya mkono wa pili.

Katikati ya hizo kesi, mwaka wa 1970, mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alitoa makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameikataa kwanza. Mwaka wa 2001 akapata Nobeli. Wazo lake ni rahisi mpaka linaudhi: muuzaji anajua gari ni mbovu ama nzuri, wewe hujui, kwa hivyo unatoa bei ya katikati. Mwenye gari nzuri anaona bei hiyo ni matusi, anaondoka sokoni. Zinabaki mbovu. Dawa moja aliyoitaja ni dhamana, kwa sababu mwenye gari mbovu hawezi kumudu kuidhamini.

Kampuni za kifahari Marekani zilikuja kuifanya hiyo iwe biashara mwanzoni mwa miaka ya 1990, Lexus na Mercedes-Benz zikiwa mbele. Watu walikuwa wanakodi gari jipya kwa miaka miwili mitatu kisha wanarudisha. Magari yakarundikana. Kuyamwaga sokoni kwa bei ya hasara kungeangusha thamani ya mapya pia. Basi wakayakagua, wakatengeneza kasoro, wakabandika waranti ya kiwanda juu, na wakauza kwa bei ya juu kuliko gari kama hilo kwingine. Watu wakalipa kwa furaha. Yaani wenzetu waliiona waranti kama kitu chenye bei yake, unakinunua ama unakiacha.

Hapa kwetu stori ikaenda njia nyingine. Wazee wetu waliita wakubwa wa serikali WaBenzi, na Benz ilikuwa ya hao. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, magari ya mitumba yakaanza kumiminika kupitia Mombasa, na polepole Benz ikashuka mpaka kwa mtu wa mshahara. Kisha ikaja kanuni ya umri: gari lisizidi miaka minane. Sasa fikiria gari ya miaka saba. Waranti ya kiwanda iliisha zamani, tena ikiwa Japan. Inakaguliwa kabla ya kupakiwa meli, ndiyo, lakini ukaguzi huo unauliza kama gari inafaa barabarani. Hauulizi giaboksi itaishi miezi mingapi. Ni kipimo cha Denning, kwa lugha nyingine.

Na hapa naona Akerlof hakufika yadi zetu. Yeye alidhani muuzaji anajua siri ya gari. Mwenye yadi ya Nairobi mara nyingi hajui! Aliinunua kwa mnada Japan akiangalia picha na karatasi ya alama. Ndiyo maana ukimwomba waranti anakasirika. Unamwomba adhamini gari ambayo yeye mwenyewe ameiona juzi.

Sheria nayo imesogea. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema muuzaji wa biashara anahesabiwa ametoa dhamana ya ubora, na maneno yoyote ya kujaribu kuifuta dhamana hiyo ni bure. Ule ubao wa "Mali ikishauzwa hairudishwi" kwa hivyo hauna nguvu ambayo mwenye duka anadhani unayo. Ila usijidanganye: "ubora unaofaa" kwa gari ya mkono wa pili bado ni kile kitu cha Jaguar na Mercedes. Ni kidogo. Zaidi ya hapo lazima ukijadili wewe. Na ukinunua kwa mtu binafsi, si yadi, punguza matumaini zaidi.

Kwa hivyo tuseme C200 iko kwa milioni 3.2 na broka anakuambia, "Leta 3.05 tumalize leo." Jibu langu lingekuwa: nitalipa 3.2, lakini niandikie miezi sita. Anaposhtuka, hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanaanza. Ataanguka kwa miezi mitatu ya "injini na giaboksi", kwa sababu kuna yadi hutoa hiyo. Usikimbilie kusema ndiyo. Turbo ni injini ama si injini? Kompyuta ya giaboksi je? Gari za kifahari haziuawi na pistoni. Zinauawa na suspenshoni ya hewa, sensa, vitu ambavyo "injini na giaboksi" haigusi. Binamu yangu alikuwa na waranti hiyo hiyo, na gari ikalala upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa wiki ya tano. Yadi ikamwonyesha karatasi kwa heshima kabisa.

Mambo mengine ya kuandikwa: fundi ni wa nani, vipuri ni vipya ama vya Kirinyaga Road, nani analipa kuvuta gari ikizimika Naivasha. Maileji iandikwe kwa makubaliano, pamoja na ile karatasi ya mnada ya Japan. Herufi R hapo kwa kawaida humaanisha gari iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Kila sifa broka anayotoa kwa mdomo, mwambie airudie kwa WhatsApp, maana Crowther bila shahidi angekuwa Lopus. Gari isomwe kwa kompyuta, iendeshwe vizuri, isomwe tena, kwa sababu kufuta makosa kwenye mashine ni kazi ya dakika mbili.

Mkikosana, tangu 2021 tuna Korti ya Madai Madogo. Inasikiza madai ya hadi milioni moja na inafaa kumaliza ndani ya siku 60, na unaweza kwenda bila wakili. Giaboksi ya C-Class inaingia humo vizuri.

Kama una makubaliano ya yadi yenye waranti ya maana, nitumie picha inboksi, ficha majina. Nataka kuona wanaandika nini hapo kwa turbo.