Maji Yanayojizungusha

Jina la Ziwa, kule kaskazini ya Eldoret, laweza kumdanganya msomaji wa mbali. Alisikiapo hudhani ataona maji mengi yametanda mbele yake. Atakayefika huko ataona mashamba ya mahindi na ngano juu ya uwanda ulioinuka kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na vijito vinavyokwenda polepole kuutafuta mto Nzoia. Upole huo wa maji ndio chanzo cha habari hii. Kwa miaka mingi watu walioitafuta nguvu ya maji katika nchi zetu waliifuata pale maji yanapoanguka kwa kishindo, wakavipita vijito vipole bila ya kugeuza shingo.

Katika mwaka wa 1902 wamisionari wa Marafiki, watokao Marekani, walifika Kaimosi, kusini-magharibi ya uwanda huu. Walikaa karibu na mto wenye maporomoko, wakayatumia maji yake kuendesha msumeno wa kupasulia mbao. Wenyeji walitazama, na waliyoyaona hawakuyasahau. Katika miaka ya 1920 na 1930 vinu vya maji vilivyomilikiwa na Waafrika vilienea katika nchi ya Waluhya, na katika nchi ya Wakikuyu pia. Dhahabu ilipovumbuliwa Kakamega mwaka wa 1931, unga ulipata wanunuzi wapya, yaani wachimbaji waliokusanyika huko.

Mimi naona kwamba vinu hivyo havijapata haki yao katika vitabu vyetu vya historia. Huzungumzwa reli, huzungumzwa kodi, lakini kinu kandokando ya mto hutajwa kwa mstari mmoja. Fikiri, msomaji, mwenye kinu alihitaji kujua mambo mangapi. Ilimpasa kuchimba mfereji ambao maji yake hayaendi kasi hata yakala udongo, wala hayasimami. Ilimpasa kulisawazisha gurudumu zito lisiyumbe, na kupatana na jirani zake ambao maji yao aliyapitisha kwake kwanza. Hiyo ilikuwa elimu ya uhandisi, ingawa haikutolewa cheti. Na mwanamke aliyezoea kupiga magoti mbele ya jiwe la kusagia alipata nafuu ya mgongo.

Umeme ulipokuja ulifuata njia ile ile. Karibu na Eldoret, katika maporomoko ya Selby ya mto Sosiani, kilijengwa katika miaka ya 1950 kituo chenye nguvu ya kilowati 400. Ndani ya kituo cha namna hiyo gurudumu la maji la kale limekwisha kuwa tabaini, chombo ambacho jina lake lilitungwa na Mfaransa Claude Burdin katika miaka ya 1820 kutokana na neno la Kilatini turbo, maana yake kitu kizungukacho kwa nguvu. (Msomaji wa Uasin Gishu na atabasamu akiukumbuka mji wa Turbo.) Lakini katika muongo huo huo, mwaka wa 1954, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, nchini Uganda, na lilipopata mitambo yake yote 10 nguvu yake ilifika kilowati 150,000. Sosiani 375 zingehitajika kuilingana. Kabla ya muongo kwisha umeme wa Jinja ulikuwa umevutwa kwa waya hata Nairobi. Tangu hapo mambo madogo yalionekana ya kizamani, na fedha zilikwenda kwenye mabwawa makubwa. Waya mkubwa, hata hivyo, ulipita juu ya vijiji vingi bila ya kushuka.

Ndipo watu wakarudi mtoni. Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, wanakijiji wa Mbuiru walianza kazi ya Tungu-Kabiri, wakachimba na kujenga kwa mikono yao mpaka ukapatikana mtambo wa kilowati 18. Huko Murang'a, John Magiro alianza na vipande vya baiskeli akaishia kuwauzia jirani zake umeme. Lakini hizo ni nchi za milima, ambako maji hushuka mita nyingi kwa hatua chache. Mtu wa Ziwa atafanyaje?

Jawabu moja lilitoka Austria. Huko aliishi bwana misitu Viktor Schauberger (1885–1958), aliyetumia maisha yake kutazama maji yanavyojisokota. Baadhi ya wafuasi wake wamedai kwamba maji yakizungushwa hutoa nguvu kuliko iliyoingia. Usiwasadiki, hakuna chombo kitoacho kisichopewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mwaustria mwingine, Franz Zotlöterer, alilitumia jambo lile kwa akili tulivu. Alijenga birika la mviringo, akaingiza maji kwa ubavuni ili yazunguke, akaacha tundu katikati ya sakafu. Maji yanayotafuta tundu hufanya kizingia, na ndani yake hukaa mhimili wenye mapanga, ukizungushwa polepole. Anguko la kiasi cha mita 1.5 latosha.

Fundi wa kijiji aweza kujenga birika kama hilo kwa mawe na saruji. Taabu iko katika mhimili: huzunguka taratibu, na jenereta ya kawaida hutaka mizunguko kama 1,500 kwa dakika, basi lazima kuwe na mikanda na magurudumu ya kuongeza mwendo, na kila mkanda hula sehemu ya nguvu. Kuhusu upande wa kuzunguka, huenda umepata kuwaona wale wanaowaonyesha watalii pale Nanyuki kwamba maji hugeuka upande mwingine ukivuka mstari wa Ikweta. Ni mchezo mzuri wa kupatia riziki. Katika birika dogo upande huamuliwa na jinsi maji yanavyoingia.

Hesabu yenyewe haina siri. Zidisha lita zipitazo kwa sekunde moja kwa mita za anguko, kisha kwa 9.8, utapata wati zilizomo majini. Kijito cha lita 200 chenye anguko la mita 1.5 kina wati 2,940, na ukiokoa nusu yake umefanya kazi njema. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 haimtaki leseni azalishaye kwa matumizi yake mwenyewe chini ya megawati moja, lakini kuyageuza maji ya mto kwahitaji kibali, na wakaao chini ya mto wanayo haki yao, kama walivyokuwa nayo jirani za wenye vinu.

Asiende mtu kukipima kijito mwezi wa Agosti, wakati mvua imekijaza, akarudi nyumbani akihesabu taa. Na aende Februari. Akikuta lita 20 tu, nusu ya nguvu ni wati 147: taa 14 za wati 10, na kinu cha kusaga hakitazunguka mpaka mvua inyeshe.