Gemu za zamani zachezeka kwenye kompyuta yenye nguvu ndogo

KOMPYUTA yenye nguvu ndogo yaweza kuchezesha gemu za mashine za zamani, ilimradi mtumiaji afahamu uwezo wake na kuchagua programu inayoufaa.

Programu hiyo huitwa emuleta. Kazi yake ni kuigiza mashine ya gemu: husoma kila amri iliyoandikwa kwa ajili ya prosesa ya mashine hiyo na kuigeuza kuwa amri ambayo kompyuta inaielewa.

Kazi hiyo ina gharama. Mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 ilikuwa na prosesa ya megahezi 1.79 tu, lakini kompyuta inayoiigiza huhitaji kasi kubwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa huigiza pia chipu za picha na sauti.

Gemu hizo huonyesha takriban picha 60 kwa sekunde, hivyo kila picha haina budi kukamilika ndani ya milisekunde 17. Kompyuta ikichelewa, picha hukwama na sauti hukatika.

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Uingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35 za Marekani, ni mfano mzuri. Toleo lake la kwanza, lenye prosesa ya megahezi 700, humudu gemu za Nintendo hiyo na nyingi za PlayStation ya mwaka 1994. Nintendo 64 ya mwaka 1996 huilemea.

Uchaguzi wa emuleta nao ni muhimu. ZSNES ya mwaka 1997 ilitumia njia za mkato ili iende kwa kasi kwenye kompyuta za wakati huo. Ile ya bsnes iliyofuata ilitanguliza usahihi, na kwa sababu hiyo hudai prosesa yenye nguvu.

Kwa familia inayotegemea umeme wa jua, iwe Rutamba mkoani Lindi au kwingineko, hesabu kubwa ni ya betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 hubeba wati-saa 84. Raspberry Pi ya wati 3.5 pamoja na televisheni ya wati 15 hutumia wati-saa 37 kwa saa mbili, chini ya nusu ya betri hiyo. Kompyuta kuukuu ya mezani inayokula wati 100, pamoja na televisheni hiyohiyo, ingehitaji wati-saa 230, na taa za nyumba zingezimika kabla ya gemu kwisha.

Unafuu huo umeonekana pia shuleni: shirika la Powering Potential limetumia Raspberry Pi na umeme wa jua katika shule za sekondari za vijijini nchini, zikiwamo za Karatu.

Kisheria, emuleta na gemu ni vitu viwili tofauti. Mwaka 2000, mahakama ya rufaa nchini Marekani iliipa ushindi kampuni ya Connectix, iliyotengeneza emuleta ya PlayStation, dhidi ya Sony. Gemu zenyewe hubaki mali ya wenyewe, na nchini Tanzania programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.