Mcheza Kwao: Bibi Titi Mohamed

Atokaye Mtoni kwa Barabara ya Kilwa kuingia katikati ya Dar es Salaam, hafiki mbali na Mnazi Mmoja ila ataikuta barabara yenye jina la Bibi Titi Mohamed. Wengi hulitaja jina hilo wakiuliza kituo cha basi. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya kuwa mwanasiasa, mwenye jina alikuwa manju.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akawa mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Kikundi cha ngoma zama hizo hakikuwa mchezo mtupu. Kilikuwa na viongozi na michango yake, na wanawake wake walifaana harusini na misibani. Neno lililosemwa humo jioni lilikuwa limeenea mitaani asubuhi.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Titi akachukua kadi namba 16. Mwaka 1955 John Hatch, wa chama cha Labour cha Uingereza, alipozuru Tanganyika aliwauliza viongozi: wanawake wenu wako wapi? Titi ndiye aliyetwikwa jibu. Hakuanza kwa waraka. Alianza kwa vikundi vya ngoma. Haikupita miezi mingi, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha.

Mpenzi wa ushairi hatashangaa. Manju hujua lini atoe na lini angoje kiitikio, na aliyekwisha itikia amekwisha kubali. Sisi wa visiwani tunaye Siti binti Saad wa Fumba, ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri Bombay mwaka 1928. Sauti ya Siti iliingia katika santuri. Ya Titi iliingia katika chama.

Baada ya uhuru wa 1961 alikuwa waziri mdogo na kiongozi wa Umoja wa Wanawake. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1965 alishindwa ubunge Rufiji. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi kupangisha nyumba, alijiuzulu Kamati Kuu. Oktoba 1969 alikamatwa. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, shitaka alilolikana. Rais alimsamehe mwaka 1972. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Titi alicheza kwao. Alituzwa, akanyang'anywa, akaja kutuzwa tena jina la barabara. Lakini tuzo na nguvu ni vitu viwili. Cheo alipewa na chama, na kwa hiyo aliweza kukikosa. Uwezo wa kuwaita wanawake wakaja, alikuja nao mwenyewe kutoka ngomani. Atakayeandika historia ya uhuru kwa kusoma mihutasari ya mikutano pekee, ataandika nusu yake.