Ua la Bustani Lililoziba Ziwa

Msomaji, ukitoka Rongo ukaishika barabara ya Homa Bay, utapita Rodi Kopany, penye njia panda ya kwenda Ndhiwa. Ni mji mdogo wa soko, nao haukujengwa ufukoni. Lakini ziwa halikosi kuufikia, maana omena, ngege na mbuta hupanda kutoka huko chini hadi kwenye meza za wachuuzi. Siku samaki wanapoadimika, mama mwenye kapu tupu hana haja ya kungoja gazeti limpe habari. Kwa sababu hiyo kisa nitakachokusimulia, ijapokuwa kinaanza ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, ni kisa cha mahali hapa pia. Ni kisa cha ua.

Mtu asiyelijua ua hilo aweza kuliita yungiyungi kwa kuliona likielea majini. Kosa hilo ni dogo. Yungiyungi la asili la maji yetu lina mizizi matopeni, na majani yake bapa hulala juu ya maji kama sahani. Hili jingine halikushikamana na kitu. Mizizi yake huning'inia majini kama ndevu, na vikonyo vya majani yake vimefura kama vibofu vilivyojaa hewa, hata upepo ukivuma huenda nalo upendako, mfano wa mtumbwi usio na nahodha. Leo jina lake ni gugu maji. Hapo zamani hapana aliyelidhania kuwa gugu.

Kwao ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Carl von Martius, alisafiri Brazil tangu mwaka 1817 hata 1820, na baada ya kurejea kwao akalieleza na kulipa jina la kitaalamu. Mwaka 1843 mtaalamu mwingine, Kunth, alibuni jina la Eichhornia, ambalo kwa miaka mingi mmea huu ulijulikana kwalo vitabuni, kwa heshima ya Eichhorn, waziri wa elimu wa Prussia. Waziri huyo alipata ukumbusho ambao pengine asingeutamani. Lakini usiwacheke watu wale. Ua lenyewe ni la rangi ya zambarau hafifu, na petali yake ya juu ina doa la manjano lililozungukwa na buluu, mfano wa jicho katika unyoya wa tausi. Ni nani angeliona akaogopa?

Wapenda bustani wa nchi nyingi walilitamani. Tena lilikuwa na sifa ambayo maua mengi hayana. Mtu akitaka kukuza yungiyungi la bustani kwa mbegu, lazima awe na subira: atapanda, atangoja, atapalilia, na aghalabu miaka miwili, mitatu au zaidi itapita kabla hajaona ua la kwanza. Hili la Amazon halikudai subira. Litupe bwawani, na baada ya wiki mbili hivi, maji yakiwa na joto na rutuba, utakuta limekuwa maradufu, kwa kuwa huzaa watoto ubavuni mwake. Sifa hiyo, iliyowafurahisha wenye mabwawa, ndiyo iliyokuwa msiba wa wenye mito.

Marekani ilionja msiba huo mapema. Ua lilijulikana huko katika miaka ya 1880, na yasemekana lilipendwa sana na watu waliozuru maonyesho makubwa ya New Orleans ya mwaka 1884. Kabla karne haijaisha, mto St. Johns wa Florida ulikuwa umefunikwa na vyombo vinakwama. Mwaka 1910 mbunge mmoja wa Louisiana, Robert Broussard, alipeleka mswada bungeni wa kutaka viboko waletwe kutoka Afrika, wale gugu lile, kisha watu wale viboko. Mswada haukupita. Ningependa sana mheshimiwa huyo angeliishi aione Homa Bay: viboko tunao tangu enzi za mababu, na gugu maji limestawi mbele ya macho yao.

Ua liliendelea na safari yake, na mara nyingi lilibebwa na mkono wa mtu aliyelipenda. Lilifika Java, likafika Misri mwishoni mwa karne ya 19. Katika miaka ya 1950 lilitanda juu ya mto Kongo, na mwaka 1958 lilionekana katika Nile Nyeupe, nchini Sudan. Rwanda yasemekana lilipandwa katika mabwawa kuwa pambo. Kutoka huko mto Kagera ulilichukua polepole, hata mwaka 1989 likaonekana katika Ziwa Victoria upande wa Uganda. Muda si muda likawa Kenya.

Sehemu ya ziwa iliyo ya Kenya ni ndogo, kama asilimia 6 tu, na ndani ya sehemu hiyo imo Ghuba ya Winam, ambayo Homa Bay imeketi ufukoni mwake. Ghuba ni kama chumba chenye mlango mwembamba: kilichoingia hakitoki upesi. Maji yake hayana kina kirefu, na mito huleta rutuba ya mashamba na uchafu wa miji. Gugu lilikuta meza imeandaliwa. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1998 lilifunika takriban hekta 17,000 za ghuba hiyo. Bandari ya Kisumu ilizibwa, na magati madogo yakapata taabu ile ile. Mvuvi alitega nyavu jioni katika maji meupe. Alfajiri akakuta uwanja wa majani umezikokota nyavu hizo kwenda asikokujua. Wengine walikwama katikati na mitumbwi yao wakiuona ukingo lakini wasiweze kuufikia. Chini ya majani hewa ilipungua majini na samaki wakahama. Konokono wanaoeneza kichocho wakapata maskani.

Watu walilivuna kwa mikono, wakaleta na mashine za kulikatakata. Dawa yenyewe, kwa maoni ya wataalamu wengi, ilikuwa mdudu: fukusi wawili wa jamii moja, wenyeji wa Amerika ya Kusini, adui wa gugu hilo nyumbani kwao. Uganda iliwaachia ziwani mwaka 1995, Kenya mwaka 1997. Walilitafuna taratibu. Wako wanaosema kwamba mawimbi na mawingu ya mvua za El Niño yalisaidia, nami naona maneno yao yana uzito, maana kilichodhoofishwa na mdudu huvunjwa kwa urahisi na wimbi. Kufikia mwaka 2000 ghuba ilikuwa karibu nyeupe, na watu wakafurahi wakidhani ua lile limekufa.

Sasa, msomaji, nakuomba ulitazame ua hilo kwa makini, maana hapa ndipo siri yake ilipo. Likimaliza kuchanua, shina lake halibaki wima kama maua mengine. Hujipinda, likainama, likatia kichwa chake majini. Huko tunda hukomaa gizani, mbegu zikaanguka matopeni, ndogo kama chembe za mchanga, na mmea mmoja waweza kutoa maelfu. Fukusi hawazifikii, na mashine haizioni. Huweza kulala humo miaka 15 au 20 zikiwa hai, mpaka ukame ukishusha maji na jua likayagusa matope. Hapo huota, na mvua ikirudi miche huelea na kwenda zake.

Mvua kubwa zilinyesha mwishoni mwa mwaka 2006, zikaosha mashamba na kujaza ziwa. Mwaka 2007 Ghuba ya Winam ilikuwa kijani tena, na tangu hapo gugu limekuwa likija na kuondoka. Ukishuka leo kutoka Rodi Kopany mpaka gati la Homa Bay, huenda ukakuta maji matupu yanayometameta, na wavulana wakiogelea. Huenda pia ukakuta shamba la maua ya zambarau, na mzee mmoja mwenye kasia akilipasulia mtumbwi wake njia, majani yakifunga tena nyuma yake.