Hitilafu za mapigo ya moyo

Hitilafu za mapigo ya moyo ni maradhi ya mfumo wa umeme unaouongoza moyo: moyo huenda mbio mno, polepole mno au ovyo. Baadhi ya wagonjwa huanza kwa kuishiwa pumzi mlimani. Katika kata ya Enguserosambu, wilayani Ngorongoro, ambako mifugo huchungwa kwa miguu, dalili hiyo hudhaniwa uzee kwa urahisi. Kushika mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima hutosha kuleta shaka. Kipimo cha umeme wa moyo ndicho huthibitisha.

Hitilafu ya kudumu iliyoenea zaidi duniani ni ya vyumba vya juu vya moyo kutetemeka badala ya kusukuma. Vyumba vya chini havijai vizuri, kwa hiyo aliyekaa anaweza asihisi kitu, ila akipanda kilima pumzi humkatika. Damu inayotuama huganda, na hatari ya kiharusi hupanda mara tano hivi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee 2,232 wa miaka 70 na zaidi walipimwa, wakapatikana 15 tu wenye hitilafu hii. Takriban nusu yao walifariki ndani ya mwaka mmoja. Uchache huo basi si wa kushangilia: ugonjwa unaoua upesi huacha wagonjwa wachache wa kuhesabiwa.

Kazi za mwili hulinda mishipa, na utafiti wa 2010 uliwakuta Wamasai wa Tanzania wakitumia nguvu nyingi zaidi kwa siku, juu ya zile za mwili uliopumzika, kuliko wakazi wa mijini, karibu mara tatu. Lakini ukakamavu si cheti cha moyo mzima. John Magufuli, aliyekuwa rais wa Tanzania, alipiga pushapu jukwaani kwenye kampeni za 2015. Alipofariki tarehe 17 Machi 2021, serikali ilitangaza kwamba alikuwa na tatizo la umeme wa moyo kwa zaidi ya miaka 10.

Moyo unaokwenda polepole mno huwekewa betri, huduma inayotolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa vijana, chanzo cha vyumba vya juu kutetemeka huwa mara nyingi vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Kwa wenye vali kama hizo, utafiti wa kimataifa wa 2022 ulionyesha kuwa wafarini, dawa kongwe ya kuzuia damu kuganda, huokoa maisha zaidi ya rivaroksabani, iliyo mpya. Wafarini hudai damu ipimwe mara kwa mara, na kwa mfugaji wa Enguserosambu kila kipimo ni safari.