Mwani katika vidimbwi vya samaki Ukambani

Katika vidimbwi vya kufugia perege Kitui na Makueni, mwani wa kiasi ni chakula cha samaki. Ukizidi, hugeuka hatari: usiku hutumia oksijeni, na alfajiri samaki huonekana wakitweta juu ya maji. Kipimo chake ni rahisi. Mkono ukitumbukizwa na kiganja kikatoweka katika ukijani kabla maji hayajafika kiwiko, mbolea husitishwa, chakula hupunguzwa na sehemu ya maji hubadilishwa. Dawa ya kuua mwani yaweza kuangamiza samaki, kwani mwani uliokufa huoza na kumaliza oksijeni iliyosalia. Kwa kuwa maji ya kubadilisha ni adimu wakati wa kiangazi, kinga bora ni kutowalisha samaki kupita kiasi.