Hina na Piko: Historia Fupi ya Majina ya Rangi za Nywele

Makala haya yanajadili maneno mawili ya upakaji rangi wa nywele nyumbani: hina na piko. Neno hina lina asili ya Kiarabu, lakini Kiswahili kililipokea kwa kanuni zake chenyewe. Kama chungwa lilivyozaa mchungwa, hina ilizaa mhina, jina la mmea uitwao kisayansi Lawsonia inermis.

Majani ya mhina hukaushwa, hutwangwa yakawa unga, hukandwa kwa maji na ndimu, kisha hupakwa kichwani kwa saa kadhaa. Kiini chake cha rangi hushikamana na protini ya unywele, na mvi hugeuka nyekundu ya kutu. Hina peke yake haitoi weusi. Weusi wa mimea hupatikana kwa kuongeza unga wa majani ya mnili.

Hapo ndipo utata unapoanzia. Piko, rangi nyeusi ya kujipambia, leo mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa dukani wenye kemikali ya PPD, ambayo huweza kuunguza ngozi na kuleta mzio. Unga huohuo huuzwa pia kwa jina la hina nyeusi.

Nchini Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, msomaji wa Ndera huweza kukutana na piko kwanza katika kamusi, si kwa somo wake kama binti wa pwani. Fasili isemayo tu "rangi nyeusi ya urembo" haimtoshi. Inapaswa kubainisha: ya mmea, au ya kemikali?